Nyundo ya Mti

Simu ya kwanza leo imetoka sokoni Burma,
kwa Mama Nyaguthii wa matumbo na kongoro:
"Friza imekuwa jabali. Njoo na ujuzi wako."
Nafika, nakuta ametangulia na kisu.
Fssss.
Gesi yote imetoroka kwa tundu la sindano,
naye amekishika kisu kama mtu aliyemchoma jirani
kwa bahati mbaya.

Odipo angekuwapo angetikisa kichwa.
Barafu haichomwi, angesema. Hugongwa,
na hugongwa kwa mti.

Nilimkuta karakana ya Barabara ya Lusaka,
Julai, Nairobi imejifunika wingu
kama blanketi la hospitali.
Mimi sweta mbili. Yeye shati la mikono mifupi.
"Hii si baridi," akasema. "Ni hewa tu imenuna."

Alikuwa amefanya kazi kwenye meli ya kaa
kaskazini huko, ambako bahari hutema mate
yakageuka jiwe kabla ya kutua.
Wimbi linapiga omo, rasharasha zinaruka,
kamba iliyolala nyembamba kama kidole
inaamka na unene wa paja.
Mlingoti, reli, antena, winchi: kila kitu kinanenepa
kwa chakula ambacho hakuna aliyekipika.

"Uzito wa chini hauui," alinifundisha. "Wa juu ndio."
Akasimamisha chupa ya soda mezani,
akaibandika donge la grisi shingoni,
akaigusa kwa ukucha.
Vigae tulivizoa kesho yake.

Watu kumi na mmoja, nyundo za mti,
dakika ishirini nje, kumi ndani,
usiku kucha wakibomoa kinachojengwa.
Nahodha hupunguza kasi, huugeuzia upepo kisogo;
yaliyobaki ni mikono.
Chuma marufuku: hukwangua rangi, hutoboa bomba,
na palipokwanguka barafu hushika mara mbili.
Alikuwa na ubeti wa kuhesabia mapigo,
katika lugha ambayo wenzake hawakuijua:

  Anza juu, shuka chini, uzito uko kwa juu,
  Gonga shoto na yamini, usipendelee huu,
  Matundu ya sitahani, yatoe maji makuu,
  Ukilala, lala pwani, hapa hulali, mkuu.

Lakini kilichomrudisha nyumbani ni supu.
Siku ile bakuli liliteleza kushoto,
likafika ukingoni mwa meza, likakaa.
Likakaa,
kama mgeni aliyesahau njia.
Wenzake wakafurahi: bahari imetulia leo.
Odipo akaacha kijiko, akachukua nyundo.
Meli inayoyumba haraka ingali hai, aliniambia;
ogopa ile inayoyumba taratibu,
inayofikiri kabla ya kuinuka.

Niliuliza mara moja walirudi wangapi.
Akanituma dukani kununua solda.

Machi tulimzika mkewe, Akumu.
Tangu hapo unamwuliza jambo saa tatu,
anakujibu saa nne.
Jana kikombe cha chai kiliinama mkononi mwake,
nikahesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu, nne, tano,
ndipo kikarudi.
Vijana wa karakana wanasema mzee ametulia siku hizi.

Jioni bomba la Mama Nyaguthii limezibwa,
gesi imejazwa, kisu nimemnyang'anya.
Amenilipa nusu, nusu nyingine kwa maini.
Navuka hadi Kaloleni na kifurushi kinachovuja,
mlango wa Odipo umefungwa, taa haijawashwa.

Ni mlango wa mbao.
Nagonga juu kwanza. Kushoto. Kulia.
Kimya.
Juu tena.

Ndani, kiti kinakwaruza sakafu.
Polepole,
lakini kinakwaruza.